Taa ya Gari Linaloteleza

Mume wangu aliendesha malori zaidi ya nusu ya maisha yake, Dar es Salaam hadi Tunduma, na mara nyingine akavuka mpaka kwenda mbele zaidi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniachia usukani hata wa kusogeza gari mbele ya duka. Halafu Jumapili moja asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, nikasikia kishindo bafuni. Nilimkuta chini kwenye maji, mdomo umeenda upande, macho yananitazama.

Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia, mkono na mguu, na kikachukua maneno. Kuelewa alielewa kila kitu. Ila akitaka kusema, neno lilifika mdomoni likageuka mlio tu, na yeye mwenyewe akisikia lilivyotoka alifumba macho kwa hasira. Kilichobaki kilikuwa "pana," yaani hapana, na "Mama," jina analoniita tangu tupate mtoto wa kwanza. Kwa hayo mawili ilimbidi aombe maji, akatae uji, na aulize kama duka limefunguliwa.

Daktari alituelekeza kwenye kituo kimoja cha mazoezi Magomeni. Sisi tunakaa Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka letu la vyombo vya jumla, kwa hiyo njia ni moja: unatoka mpaka makutano ya Fire, unakata kushoto, unavuka bonde la Jangwani, unafika Magomeni. Siku ya kwanza tulikwenda na bajaji. Kwenye kona aliniangukia mwili mzima, nikashindwa kumzuia, na dereva akageuka akauliza, "Mzee amelewa nini asubuhi yote hii?" Mume wangu alisikia. Tuliporudi nyumbani aligeukia ukuta, na tangu siku hiyo kila nikitaja bajaji au teksi alisema "pana," na hakuna aliyeweza kumsogeza.

Basi nikajifunza gari nikiwa tayari ni bibi wa wajukuu. Tulikuwa na gari dogo la Kijapani alilolinunua mtumba kabla hajaumwa, lipo tu linashika vumbi nyuma ya jengo. Nilipata leseni. Nikaanza kumpeleka mwenyewe, mikono imeshika usukani kama inashika ndoo iliyojaa, yeye kakaa kushoto kwangu kafungwa mkanda, kanyamaza. Njia nzima nilikuwa nasali.

Taa iliwaka kwa mara ya kwanza kipindi cha masika. Tulikuwa tunarudi kutoka mazoezini, mvua imetoka kukatika, na maji yalikuwa yameshaanza kujaa pale Jangwani kiasi cha watu kuinua viatu mkononi. Nilivuka salama. Nilipofika Fire nikakata kulia kuingia mtaa wa Msimbazi, na hapo kwenye dashibodi kikawaka kijipicha cha njano: gari dogo, na nyuma yake mistari miwili iliyopinda kama nyoka. Gari likawa zito. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma kwa chini, lakini hatukwenda inavyotakiwa. Sekunde chache baadaye likaachia, likaenda.

Sikujua ni taa ya nini. Nilichoelewa ni kwamba mchoro ule ulikuwa wa gari linaloteleza, na mimi sikuwa nimeteleza.

Mume wangu aliiona. Alianza kupiga sakafu ya gari kwa mguu wa kushoto, ule mzima, kwa nguvu. Halafu akasema, "Gu. Mgu. Mguu."

Nilisimamisha gari kando, mbele ya watu waliokuwa wanapanga viatu vya mtumba kwenye turubai. Lilikuwa neno jipya. Tangu aanguke bafuni, hilo ndilo neno la kwanza kutoka nje ya yale mawili.

"Umesema nini, Baba?"

"Mguu," akasema, na jasho linamtoka.

Nilifurahi hadi machozi, na palepale nikaogopa. "Mguu unauma?"

Akafumba macho. "Pana," akasema, akapiga tena sakafu.

Usiku ule nilimchua mguu wa kulia kwa mafuta ya nazi. Aliusukuma mkono wangu. Nikajaribu wa kushoto, nao akausukuma. Kesho yake nilimpigia simu dada wa mazoezi, yule anayemhudumia pale kituoni, akaniambia nimlete, akamkagua miguu yote miwili kwa utulivu, akimkunja na kumnyoosha. Hakuona kitu. Lakini alipoona namna anavyoupiga chini ule mguu mzima, uso wake ulibadilika.

"Mama, uangalie sana huo wa kushoto," alisema pembeni, mume wangu asisikie. "Ukiona umelegea, au anauburuta, usisubiri siku ya mazoezi. Mpeleke hospitali moja kwa moja."

Niliondoka pale na hofu. Mtu aliyepigwa kiharusi upande mmoja, anakwambia habari za mguu wa upande mwingine. Nilianza kuamka alfajiri kumshika kidole gumba cha mguu wa kushoto. "Sukuma, Baba." Alikuwa anasukuma, ananitazama kama mtu anayeongea na kiziwi.

Ile taa nayo iliendelea, mara inawaka, mara inazima. Nilimweleza jirani yangu wa duka, Mwarabu wa hapahapa Kariakoo ambaye babu yake ndiye alifungua duka lile la vitambaa. Aliinama dirishani akachungulia.

"Jirani, magari yote ya mjini yanawaka taa," akasema. "Bandika plasta nyeusi hapo juu, maisha yaendelee."

"Gari linakuwa zito, shehe. Linanikatalia."

Hapo akaacha utani. "Linakukatalia na mgonjwa ndani?" Alitoa simu yake, akanielekeza kwa fundi umeme wa magari mtaa wa Gerezani ambaye yeye na ndugu zake humpelekea magari yao.

Nilikwenda peke yangu, mume wangu nikamwacha nyumbani na dada yake. Fundi alikuwa mtu wa makamo, ana miwani ya kusomea iliyofungwa kamba shingoni. Alinipa kiti, akachomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma.

"Mama, gari hili kila tairi lina sensa yake, kidude cha kuhisi," alinieleza, akigonga kioo cha mashine kwa kucha. "Inahesabu tairi linavyozunguka. Kompyuta inalinganisha hesabu za zote nne. Moja ikienda tofauti, gari linadhani tairi linateleza, kama vile limeingia kwenye tope. Basi linakata nguvu ya injini lenyewe, na saa nyingine linashika breki lenyewe, ili lisikutupe mtaroni. Taa hiyo ndiyo inakwambia hivyo."

"Lakini mimi sijaingia kwenye tope."

"Ndiyo. Ina maana sensa inadanganya. Hapa inaniambia ya mbele kushoto."

Alilegeza tairi, akaisafisha sensa kwa kitambaa na petroli, akajaribu, taa bado. Akatuma watu wakamletea nyingine kutoka maduka ya spea, akaifunga, akafuta kumbukumbu kwenye mashine, taa ikazima. Tulizunguka naye mtaa mzima wa Gerezani, kwenye makopo na vyuma na mashimo, haikuwaka. Nilimshukuru sana. Usiku ule nililala.

Safari iliyofuata kwenda Magomeni taa ilikaa kimya. Nikamwambia mume wangu, "Unaona? Imepona." Hakunitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mlango, sikio karibu na kioo, kama mtu anayefuatilia mazungumzo ya chumba cha pili. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenyooka mbele, unyayo umekandamizwa sakafuni. Tulipokata kona akasema, pole pole, "Mguu."

"Unakufa ganzi?"

"Pana."

"Umelegea?"

"Pana! Mguu!" Akapiga sakafu hadi kiatu kikamtoka.

Dada wa mazoezi alituandikia twende kwa daktari bingwa wiki iliyokuwa inafuata. Nilianza kuhesabu kichwani nitakavyoishi akilazwa tena: nani atakaa dukani, nani atakaa hospitali. Sikumwambia mtoto wetu yeyote. Wako mbali, na kila mmoja ana mzigo wake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na nilifikiria kuahirisha, lakini kukosa mazoezi kulikuwa kunamrudisha nyuma. Tukatoka. Jangwani maji yalikuwa yamefika ukingoni mwa barabara, ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba matawi na chupa. Nikapita katikati, taratibu, magari ya nyuma yananipigia honi. Tukafika Magomeni, pale ninapokata kulia. Taa za barabarani zilikuwa hazifanyi kazi, na trafiki aliyevaa koti la mvua alikuwa anaongoza kwa mkono. Kukata kulia pale maana yake unavuka njia za mabasi ya mwendokasi zilizo katikati ya barabara, halafu unavuka magari yanayoshuka mjini. Trafiki alinipungia mkono, nikaingia.

Gari lilipokwisha kupinda tu, taa ikawaka na nguvu ikakata. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho. Hakuna kitu. Injini inanguruma chini chini kama mtu aliyezibwa mdomo, na chini ya miguu ya mume wangu kitu kilikuwa kinakereketa, krrr, krrr, krrr. Tulikuwa tumesimama juu ya njia ya mwendokasi, ubavu wa kushoto, upande aliokaa yeye, umeelekea huko mabasi yanakotokea. Na basi lilikuwa linakuja.

Nililiona likiwasha taa zake zote. Niliona vifutio vya kioo chake vikienda huku na huku. Trafiki alipuliza filimbi akakimbilia kwenye lile basi huku ameinua mikono yote miwili. Nilipiga kelele jina la Yesu. Mume wangu hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wake mzima akaukamata mkono wangu wa kushoto juu ya usukani, akausukuma, usukani ukanyooka kidogo. Kisha akanipiga gotini kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. Niliondoa mguu kwenye mafuta. Nikakanyaga tena. Gari likarukaruka, likashika, tukatoka.

Basi lilisimama pale tulipokuwa, maji ya matairi yake yakaturukia kioo cha nyuma. Dereva wake alifungua dirisha, akatutukana kwa sauti niliyoisikia hadi ng'ambo ya barabara. Sikumlaumu.

Nilisimama mbele ya duka la dawa. Hata kuzima gari nilishindwa. Mume wangu alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi. Akanigeukia, na neno likatoka safi, bila kukwama, kama zamani.

"Mguu."

"Najua, Baba," nikamwambia, na kilio kikanishinda. "Najua. Tutakwenda kwa daktari."

Alinitazama. Halafu na yeye akalia, bila sauti, upande mmoja tu wa uso ukijikunja.

Nilimpigia fundi wa Gerezani. Niliongea ovyo, sijui alielewa nini, ila alisema, "Mama, kama hakuna aliyeumia, nenda hapo mbele ugeuze, rudi nalo polepole. Usizidi mwendo wa mtu wa baiskeli. Nakusubiri." Nikawasha taa za tahadhari, nikageuza, nikarudi na Jangwani ileile. Nilikuwa nimezima redio, na kwa mara ya kwanza nikausikia mvumo. Ulikuwa unatoka mbele upande wake, mzito, ukipanda tunapoongeza mwendo na kushuka tunapopunguza. Sikujua kama ulikuwepo siku zote au umeanza leo. Mume wangu alikuwa ameshika mpini wa mlango. Pale Fire, nilipokata kulia, aliacha hata kuhema.

Fundi alitupokea na mwavuli. "Shikamoo, mzee," akamwambia mume wangu kupitia dirishani. Mume wangu aliinua mkono wa kushoto. Fundi akachomeka mashine, akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mama, sitaki kukudanganya. Inaniambia sensa ileile, na sensa ile nimeibadilisha mwenyewe. Mashine imeishia hapo." Alikaa kwenye tairi bovu mbele yetu. "Hebu niambie wewe. Huwa inawaka ukiwa wapi? Ukiwa kwenye maji? Ukifunga breki? Barabara mbovu?"

Nilifikiri. "Leo Magomeni, nakata kwenda kituoni. Siku ya kwanza Fire, naingia Msimbazi. Juzi juzi pia ilikuwa Fire."

"Ukitoka Kariakoo asubuhi, pale Fire haiwaki?"

"Asubuhi haiwaki."

"Asubuhi unakata kushoto."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo inawaka ukikata kulia tu." Alisimama. "Ukikata kulia, uzito wote wa gari unalalia kushoto."

Hapo ndipo mume wangu alipoanza kupiga mlango kwa ngumi. Alipiga mara nyingi, halafu akashusha mguu wa kushoto sakafuni kwa kishindo. "Mguu! Mguu!"

"Msamehe," nikamwambia fundi. "Ni kiharusi. Huo mguu unamsumbua sana, tunampeleka kwa daktari bingwa."

Fundi alikuwa anamtazama mume wangu, na mume wangu anamtazama yeye.

"Mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

"Dereva wa malori."

Fundi alizunguka hadi mlango wake, akachuchumaa mvuani. "Mzee, ni mguu wako, au ni mguu wa gari?"

Mume wangu aliachia pumzi ndefu. Akaelekeza kidole chini, mbele, kwenye tairi.

Nilisimama pale sijielewi. Fundi ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, kama anayenipa pole. Mafundi na madereva husema miguu ya gari. Shokapu, springi, beringi, vyote vinavyolibeba gari pale kwenye tairi, ni miguu. Mtu anapeleka gari kwa fundi wa miguu. Mume wangu hakuwahi kuzungumza habari za gari nyumbani. Alikuwa anasema barabara ibaki barabarani. Nimekaa naye maisha yote na lugha yake ya kazi siijui.

Walipiga jeki. Fundi alishika tairi la mbele kushoto juu na chini, akalitikisa. Hata mimi niliona. Tairi lilicheza, kwenda na kurudi, na ndani yake kitu kikagonga, tok, tok. Akalizungusha kwa mkono, likakereketa kwa mlio uleule wa Magomeni. Wenzake wawili waliokuwa wanakunywa chai wakaacha vikombe wakaja kuangalia.

"Mmetoka nalo Magomeni hivi?" mmoja akauliza.

"Mama, gari hili haliondoki hapa," fundi akasema.

Lilipofunguliwa, beringi ilitoka vipande. Gololi nyingine zilikuwa zimesagika, na ncha ya ile sensa mpya ilikuwa imeota ndevu za unga wa chuma, kwa sababu ina sumaku. Fundi alinionyesha. Gari likilalia kushoto, tairi lilikuwa linapinda kidogo, linakaa mbali na sensa, na sensa inapoteza hesabu. Kompyuta ikadhani tunateleza. Sensa haikuwa inadanganya hata kidogo. Ilikuwa inalia kama mume wangu.

"Tairi lingechomoka?" nikauliza.

Fundi hakutaka kunitazama. "Kwa safari nyingine kidogo, ndiyo. Likiwa kwenye mwendo." Halafu akaenda kwa mume wangu, ambaye walikuwa wamemshusha na kumkalisha kwenye kiti chini ya paa. "Mzee, nisamehe. Ilitakiwa nilitikise tairi kabla ya kubadilisha chochote. Nimeamini mashine."

Mume wangu alimpa mkono wa kushoto, mkono ambao kwetu humpi mtu. Fundi aliupokea kwa mikono yote miwili.

Mimi nilikwenda nyuma ya kontena nikatapika.

Beringi ya kulingana na gari lile haikupatikana siku ile. Walileta moja, fundi akairudisha: ilikuwa na uzi wa kutu. Wakaleta nyingine, mume wangu akaomba kwa ishara aishike, akaizungusha karibu na sikio, akasema "pana." Jioni ikaingia. Jirani yangu wa vitambaa alikuja na gari lake kutuchukua, hakuuliza maswali, akamfunga mume wangu mkanda mwenyewe kwa upole. Nilikuwa nimejiandaa kusikia "pana." Haikuja. Njiani jirani alikata kona polepole sana, kwa namna ambayo mtu hubeba sinia la mayai.

"Ijumaa nitawapeleka mimi," akaniambia tulipofika. "Na ile habari ya plasta, jirani, sahau kwamba niliisema."

Gari lilikuwa tayari Jumatatu. Fundi alikuwa amefunga beringi mpya kwa mashine ya kukandamiza, akaisafisha sensa, akafuta kumbukumbu. Aliendesha yeye kwanza. Kisha akanipa usukani na kukaa nyuma, mume wangu mbele. "Twende ulikopata shida," akasema.

Sikutaka. Nilisema niko tayari kwenda kokote ila Magomeni. Mume wangu alijinyoosha kwa mkono mzima akawasha gari yeye.

Mvua ilikuwa ya manyunyu. Jangwani maji yameshuka, yameacha tope kwenye barabara, na watu wanalichota kwa majembe. Magomeni taa za barabarani zilikuwa zimetengenezwa, nikasubiri mshale wa kijani, na ulipowaka sikuondoka hadi gari la nyuma lilipopiga honi. Nikaingia. Nikapinda. Macho yangu hayakuwa barabarani, yalikuwa kwenye dashibodi, na fundi nyuma akanikemea, "Mbele, mama! Angalia mbele!" Tukavuka njia ya kwanza ya mwendokasi, ya pili, magari yanayoshuka mjini. Nguvu haikukata. Tulipomaliza kona niliangalia. Pale pa taa palikuwa peusi.

Tukaendelea hadi kituoni.

Dada wa mazoezi nilikuwa nimeshamsimulia yote Ijumaa, nikiwa bado nimesimama mlangoni. Alicheka, akalia, akamfuta mume wangu bega ambalo halikuwa na vumbi. Daktari bingwa tulimwona hata hivyo. Mguu wa kushoto ni mzima, alisema. Ila yule dada alifanya jambo jingine. Siku zote alikuwa anamwonyesha picha za ndizi, kikombe, kiatu, na mume wangu anakasirika. Safari iliyofuata alikuja na picha alizotoa kwenye simu yake: tairi, injini, jeki, usukani. Mume wangu alizitazama moja moja. Alianza kutetemeka mdomo.

"Springi," akasema.

Dada akabadilisha.

"Ka… kla… klachi."

Maneno yalirudi kwa njia hiyo, yale ya kazini kwanza, ya nyumbani nyuma yake, na mengine hayajarudi mpaka leo. Ndizi bado inamshinda. Jina langu la ubatizo bado linamshinda. Anatembea kwa fimbo hadi mlango wa duka, anakaa, anaangalia watu. Upande wa kulia hautarudi wote, walishatuambia hivyo.

Mimi naendelea kumpeleka. Siku hizi nikisikia mlio wowote nasimama kwanza, na fundi analalamika kwamba nampigia simu hata kwa kokoto iliyonasa kwenye tairi. Juzi tulikuwa tunatoka mazoezini, jua kali, foleni ya kawaida. Nilipenya kuhama njia, nikiwaza mzigo wa sufuria niliotakiwa kupokea mchana.

"Indiketa, Mama," akasema mume wangu, ameangalia mbele. "Indiketa."

Nikawasha. Bajaji ya nyuma ikanipisha.